Nauza vitu vya ndani nahama, wanaouliza "ipo?" ni wengi ila hakuna anayekuja. Tangazo liweje?

mamaJ_tegeta

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naomba ushauri kwa mliozoea kuuza vitu mtandaoni. Mume wangu kahamishiwa Dodoma kikazi, mi na watoto tunamfuata shule zikifunga, na nyumba tuliyopata kule ni ndogo kuliko hii ya Tegeta kwahiyo kuna vitu haviendi, na hata vingeenda gari la kubeba vyote mpaka Dodoma ni hela nyingi kuliko thamani ya baadhi ya vitu vyenyewe. Ninavyouza ni friji la milango miwili, sofa seti ya watu saba, kitanda cha mninga 6x6 na godoro lake, jiko la plate nne lenye oveni, na vidogo vidogo brenda, feni, pasi.

Nimeweka kwenye mtandao wa matangazo wa Jiji, nimeweka Marketplace ya Facebook, na stetasi ya WhatsApp naweka kila asubuhi. Tangazo lenyewe hili:

"NAUZA VITU VYA NDANI BEI POA SANA!!! Friji, sofa, kitanda, jiko na vingine vingi, vyote hali nzuri kama vipya. NAHAMA. Njoo inboksi kwa bei. Wahi kabla havijaisha!!!"

Chini yake kuna picha moja nimeunganisha vitu vyote. Sasa mtu anaandika "ipo?", nikimjibu ipo karibu, kimya. Mwingine anauliza "mwisho ngapi" wakati hata ya mwanzo hajaijua. Alafu kuna madalali wanataka wabebe kila kitu kwa bei ambayo haifiki hata ya friji peke yake. Mwenye nyumba wa Dodoma anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kwahiyo hizi hela nazihitaji kweli.

Naomba kujua tangazo liweje mpaka mtu atoke Mbagala au Kimara aje Tegeta na hela mkononi? Na bei niiweke wazi au nisiweke, maana jirani yangu anasema ukiweka bei unafukuza watu.

mzee_wa_samani

Mama J pole na pilika za kuhama. Mi hii ndo kazi yangu, nanunua na kuuza samani zilizotumika hapahapa Dar, matangazo ya hivi nayasoma kutwa nikitafuta mali. Nikuambie kitu ambacho watu wa majumbani wengi hawakijui, tangazo kama hilo lako sisi ndo tunalipenda. Halina bei, vitu vimerundikwa, alafu limeandikwa nahama kwa herufi kubwa. Mnunuzi wa kawaida analipita kwasababu hana pa kuanzia, sisi tunaingia inboksi kwasababu tunajua huyu ana haraka na thamani ya vitu vyake hajaipima, tunataja bei ya jumla alafu tunakaa kimya tunasubiri tarehe yake ya kuhama isogee. Kwahiyo bei WEKA. Jirani yako anasema unafukuza watu, ni kweli unawafukuza, na ndio unachotaka, mwenye laki mbili hana sababu ya kukuchosha kwenye friji la laki nne na nusu.

Pili livunje hilo tangazo, kila kitu kiwe na tangazo lake. Mtu anayetaka kitanda anaandika kitanda kwenye sehemu ya kutafuta, anachagua kundi, anachuja kwa eneo na kwa bei ya chini na ya juu. Wale wanaoweka bei ya shilingi 1 ili waandike "njoo inboksi" wanajitoa wenyewe kwenye huo mchujo. Na kwenye simu kinachoonekana kabla mtu hajabonyeza ni picha, bei na maneno machache sana, sasa wewe maneno hayo machache umeyatumia kusema "NAUZA VITU VYA NDANI BEI". Andika "Kitanda cha mninga 6x6, Tegeta", mwenye shida ya kitanda cha mninga atasimama hapohapo.

Kwenye kupanga bei usianzie ulinunua shilingi ngapi, hiyo mnunuzi haimhusu. Anzia kipya kinauzwaje leo. Tuma mtu Keko aulize kitanda cha mninga cha saizi hiyo, Kariakoo aulize friji la lita hizohizo, maana mnunuzi wako naye ameshauliza na anachopima kichwani ni niongeze kidogo nichukue jipya lenye waranti au nichukue la huyu mama. Vya umeme vinashuka bei haraka sana. Mninga haushuki, ukipigwa msasa na vanishi unarudi, kwahiyo kitanda usikiachie kwa bei ya huruma. Sofa bei yake ni kitambaa na sponji, mbao ya ndani hakuna anayeiona.

fundi_baridi

Naongezea upande wa friji maana ndo kazi yangu. Dada kwenye tangazo la friji mtu anataka kujua vitu ambavyo vyote vimeandikwa nyuma ya friji lenyewe au pembeni ndani ya mlango, kuna stika ina modeli, lita, volti, na aina ya gesi. Piga picha hiyo stika, iwe ya pili au ya tatu kwenye tangazo. Kwa picha hiyo moja mteja anajua ukubwa, anajua ni la volti 220 mpaka 240 au ni yale yaliyotoka Japani ya volti 100 yanayotaka transfoma, na fundi wake anajua kama gesi yake ni R134a au R600a kwasababu ikitokea siku gesi imeisha hizo haziwekwi hovyo hovyo, R600a inashika moto.

Alafu chukua video fupi, fungua mlango taa iwake, onyesha friza ina barafu, sogeza simu nyuma kompresa isikike. Mtu akija akute LINAWAKA. Wengi wanalizima wanalifuta linang'aa alafu mteja akifika ndo wanachomeka, hapo hata liwe zima vipi mteja anahisi anafichwa kitu, na baridi halitengenezeki kwa dakika kumi. Liache na maji yameganda ndani, aguse mwenyewe.

Kingine, limewahi kufunguliwa? Limeongezwa gesi? Sema.

mamaJ_tegeta

Asanteni sana, hapo kwa gesi halijawahi. Ila fundi nikuulize ukweli, raba ya mlango wa chini imeachia kwenye kona, mlango unafunga ila lazima uusukume. Nimeshauriwa nisiandike, mtu akija akilipenda ataona mwenyewe. Na jiko plate moja haijiwashi yenyewe mpaka kiberiti. Niandike kweli?

fundi_baridi

Andika. Raba ni kitu kidogo, inabadilishwa, na ikiwa haijachanika kuna wakati ukiipasha kwa maji ya moto inarudi kwenye umbo lake inakaa. Ila mtu aliyetoka Mbagala na kirikuu (pikapu ndogo) ya kukodi akaikuta hapo mlangoni hataona raba, ataona kwamba umeficha, na ataanza kuwaza na kompresa umeficha nini. Atakukata laki nzima kwa kitu ambacho ungekiandika angekukata kidogo au asingekata kabisa.

kimara_mpangaji

Mi niko upande wa pili, upande wa kununua, nyumba yangu karibu yote nimeijaza na vitu vilivyotumika na niseme tu nakubaliana na fundi asilimia mia. Tangazo linaloniinua kwenye kiti ni lile lenye picha ya ubovu. Nikiona mtu kapiga picha mchubuko wa kabati kwa karibu kabisa na kaweka kidole pembeni nijue ukubwa wake, namwamini na kwenye vingine vyote alivyoandika, wala sitaki bei ishuke sana. Maneno "kama mpya" na "hali nzuri" mi siyasomi tena maana kila mtu anayaandika, kochi limebonyea katikati na bado ni kama jipya.

Ila mama J kuna vitu vinavyotuzuia kuja ambavyo muuzaji haviwazi kabisa. Mi nikitaka kununua sofa nawaza mlango wangu, nina chumba na sebule, mlango wa futi mbili na nusu, sasa ile kubwa ya watu watatu itapita? Tangazo halisemi urefu wala kimo. Chukua futi ya fundi, pima urefu, upana, kimo, andika, inakuchukua muda mfupi tu. Nawaza pia usafiri, kirikuu inafika mlangoni au kuna uchochoro? Ni ghorofa? Kitanda kinafunguka na skrubu zake zipo au kimepigwa misumari? Watu wa kubeba wapo au nije nao? Hivyo ndo vinaamua kama natoka au sitoki, kwasababu gharama ya gari kutoka Tegeta mpaka Kimara naiongeza kwenye bei yako, nisipoijua naacha.

Na samahani kwa hili lakini lazima lisemwe, KUNGUNI. Kila anayenunua sofa, kitanda na godoro anawaza kunguni hata kama hakuulizi. Piga picha ya mishono ya sofa, piga ya chini ukiwa umeigeuza, piga kona za kitanda pale chaga zinapokaa. Ukiandika tu "hakuna kunguni" bila picha watu wanastuka zaidi. Godoro tenganisha na kitanda, wengi hatununui godoro la mtu, na kama limeungana kwenye bei moja unanikosa mi ninayetaka kitanda tu. Litangaze peke yake kwa bei ya chini au mwongezee mnunuzi wa kitanda kama analitaka.

shangazi_ng'ambo

Umesema kweli kijana wangu. Mimi niko Unguja, nishauza vyombo vyangu vingi kwa njia hiihii. Mama J, picha piga asubuhi na mlango uko wazi na mapazia yamefunguliwa, usiwashe fleshi, fleshi inang'arisha vioo na bati la friji halionekani rangi yake. Ondoa vitu juu, huo utando wa vitambaa na maua juu ya friji na madaftari ya watoto juu ya kochi, mtu anataka akione kitu akiwa anakiwaza kwake si kwako. Picha ya kwanza kitu kizima, mbele, kimekaa sawa. Halafu ubavuni, ndani, nyuma, halafu hiyo ya kasoro. Na usichukue picha za mtandaoni za bidhaa mpya ukaziweka, mwenye macho anajua.

Namba ya simu iweke lakini nyumba usiielekeze kwenye tangazo, andika Tegeta na kituo cha daladala cha karibu, basi. Nyumba elekeza mtu akishasema anakuja saa ngapi. Na siku anayokuja usiwe peke yako nyumbani mwanangu, na vile unavyoweza kuvitoa vitoe barazani, si kila mtu apite mpaka chumbani kwako.

likoni_msafi

Hamjambo, nawasalimu kutoka Mombasa. Mmesema yote mazuri lakini hamjagusa malipo na hapo ndo watu hulia. Kuna mtu atakupigia aseme ameipenda, hata hataki kuja kuiona, anatuma mtu wa boda ama pikapu aichukue na pesa ametuma. Dakika hiyohiyo unapata meseji inafanana kabisa na ya M-Pesa. Usiamini meseji, ingia kwenye menyu yako mwenyewe uangalie salio. Mwingine atasema ametuma zaidi kimakosa, umrudishie ile imezidi, na hakuna kitu alituma. Kitu kisitoke kwa mlango kabla salio lako halijaongezeka umeliona kwa macho yako. Na ukiona mtu hajauliza swali hata moja juu ya friji yenyewe, anauliza tu uko wapi na jina lako la M-Pesa ni nani, huyo si mnunuzi.

mamaJ_tegeta

Jamani nawashukuru mno, sikutegemea majibu yenye uzito hivi. Nimekaa nimeandika la friji kwanza, naomba mlikosoe kabla sijaliweka:

"Friji milango miwili lita 251, Tegeta, 450,000/=. Nimelinunua jipya dukani, risiti ya EFD ipo. Nimelitumia mwenyewe nyumbani, halijawahi kufunguliwa na fundi wala kuongezwa gesi. Linawaka muda huu, ukija utalikuta lina barafu. KASORO: raba ya mlango wa chini imeachia kona moja, mlango unafunga ukiusukuma (angalia picha ya 5). Kimo futi 5 na nusu, upana futi 1 na inchi 10. Nyumba ya chini, kirikuu inafika mlangoni, vijana wa kubeba wapo. Sababu ya kuuza tunahamia mkoani. Bei ina maelewano kidogo kwa aliyefika."

mzee_wa_samani

Hilo sasa hata mimi nikiliona najua hapa hakuna cha kuokota. Risiti umefanya vizuri sana kuitaja, siku hizi mnunuzi mwenye akili wa TV, friji na kompyuta anaogopa kuuziwa mali ya wizi maana kupokea mali ya wizi nako ni kosa. Ila ukimwonyesha risiti namba za risiti na za friji zifiche kwenye picha, aje azione kwa macho.

Kitu kimoja ningekibadilisha, hapo "maelewano kidogo kwa aliyefika" ni pazuri kuliko kuandika maelewano yapo tu, maana unamwambia mtu punguzo linapatikana sebuleni sio kwenye simu. Shikilia hapohapo. Akikuuliza mwisho ngapi kwenye meseji mjibu "bei ni hiyo kwenye tangazo, ukilipenda ukilikuta lipo kama nilivyoandika tutaongea". Usitaje namba ya pili kwa mtu ambaye hujamwona, ukitaja ndo itakuwa ya kwanza kwake akifika.

kimara_mpangaji

Hapo mzee sikubaliani na wewe moja kwa moja. Mi ninayetoka mbali natamani kujua kabla ya kukodi gari kwamba nikikuta kila kitu sawa inaondoka kwa ngapi. Muuzaji akigoma kabisa kuongea bei kwenye simu nabaki nyumbani. Mama J mi ningesema hivi, kama mtu amekuuliza maswali ya maana, ameomba video, ametaja siku ya kuja na anatoka wapi, huyo mpe punguzo lake kwenye simu na mkubaliane. Anayeanza na mwisho ngapi bila salamu ndo umjibu alivyosema mzee.

mzee_wa_samani

Sawa hapo nakuelewa, mwenye maswali ya maana ni mnunuzi. Napunguza makali.

mamaJ_tegeta

Na vile vidogo, brenda na feni na pasi, navyo kila kimoja tangazo lake? Naona kama itakuwa kazi kubwa kwa hela ndogo. Na jiko, nina mtungi wa kilo 15 niuze pamoja au niende nao?

shangazi_ng'ambo

Vidogo viweke kwenye stetasi na magrupu ya mtaani kwako na ya wazazi wa shule ya watoto, hakuna mtu atakayepanda daladala mbili kwa ajili ya pasi. Viunge viwili vitatu kwa bei moja. Au mnunuzi wa jiko akivutana na wewe bei mwongezee brenda badala ya kupunguza hela, watu wanafurahi sana wakiongezewa kitu.

fundi_baridi

Mtungi nenda nao kama nafasi ipo kwenye gari, ila gesi yake iishe kwanza na valvu uiangalie isiwe inavuja, uusimamishe usiulaze. Ukiuza jiko na mtungi andika mtungi ni wa kampuni gani, mtu akiwa na wa kampuni nyingine nyumbani anataka kujua kama regyuleta yake itaingia. Hiyo plate ya kiberiti andika vilevile kama raba.

mamaJ_tegeta

Sawa fundi. La mwisho jamani, friji na jiko bado tunatumia mpaka siku ya kuondoka, nikitangaza sasa hivi si atataka kuchukua leo?

mzee_wa_samani

Anza na sofa na vya sebuleni, mtakaa kwenye mkeka kidogo. Friji na jiko viandike palepale kwenye tangazo "vinatoka kuanzia tarehe fulani", na atakayekuwa tayari aje avione, alipe advansi uandike kwenye karatasi mbili kiasi alicholipa, kilichobaki na tarehe ya kuchukua, wote mtie sahihi. Asipotokea tarehe hiyo mmekubaliana nini kuhusu advansi, nalo liwe limeandikwa. Usimshikie mtu kwa maneno ya "nishikie nakuja kesho", mwambie wa kwanza kulipa ndo wake na tangazo liache hewani mpaka hela iingie. Na kama unaweza kusubiri, tangazo la friji liweke mshahara unapotoka, kuanzia kama tarehe 24 hivi mpaka tano ya mwezi unaofuata, katikati ya mwezi utapata wa kuuliza tu. Kitanda ukikosa bei yako hapa nitafute nije nikione, nami nitakupa bei nikiwa nimesimama mbele yake.